Mayai ya Jovellanos

Siku ile mjinga alikuwa Evelio Carmenate, na tuseme mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta mwingine. Wagombea wengine walikuwepo, tena wazuri. Alikuwepo mzee Fermín, aliyesikia kuna mashairi akadhani ni mchezo mpya wa bahati nasibu, akaja na kalamu. Alikuwepo Dokta Pruitt, mkuu wa idara ya fasihi, aliyekula muhogo wa kituo cha wazee pamoja na uzi wake mgumu wa katikati na kuutafuna kwa heshima mpaka mwisho. Lakini ujinga wa siku ile ulihitaji mtu mwenye elimu, na hapo Evelio aliwaacha wote mbali. Alikuwa mwalimu wa chuo, mshairi wa vitabu vitatu, na amebakiza hatua moja tu kuitwa profesa kamili.

Hatua hiyo ilikuwa kamati. Kamati ilitaka kuona vitabu, ikaviona. Ilitaka kuona wanafunzi wanamsifu, nao walimsifu kiasi, kwa sababu alikuwa mpole kwenye alama. Kisha ikataka kuona kwamba anaitumikia jamii. Evelio alikaa na neno hilo wiki nzima. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amefundisha kama kibarua katika vyuo vitatu kwa wakati mmoja, akila chakula cha mchana ndani ya gari huku karatasi za mitihani zimejaa kiti cha nyuma, na jamii pekee aliyoitumikia wakati huo ilikuwa wauza matairi. Ndipo akakikumbuka kituo cha wazee cha Hialeah, mji wa Wakuba huko Florida, ambako mama yake alicheza dhumna kila asubuhi.

Mkewe, Odalys, msaidizi wa daktari wa meno, alimuuliza atasoma shairi gani. Alipomjibu, aliweka kijiko chini.

"Soma lile la mvua," alimwambia. "Wazee wanapenda mvua. La mayai liache hukohuko kwenye Kiingereza lilikozaliwa."

Evelio alimweleza kwamba shairi la mayai ndilo lililompa jina. Odalys akasema jina analo tayari, alipewa na mama yake, na mama yake ndiye atakayekaa pale kulisikiliza.

Shairi lenyewe lilihusu mwaka wa 1980, kule Jovellanos. Jirani aliomba kuondoka Cuba, na mtaa mzima ukaitwa kwenda kumzomea mlangoni. Mwenye orodha alisimama kwenye kona kuandika nani amekuja na nani hakuja. Kila nyumba ilitoa mayai yake ya mgawo, yakarushwa. Katika shairi, mwanamke mmoja anarusha mayai manne aliyokuwa amemwekea mwanawe, na mtoto anatazama kutoka dirishani. Miezi minne baadaye mwanamke huyohuyo naye anapanda mashua kwenda Florida.

Eneida, mama yake Evelio, hakuwahi kulisoma. Kiingereza chake kilikuwa cha dukani na cha hospitali, na hakikufika kwenye mashairi. Jirani yule wa Jovellanos, Zoraida, sasa alikaa mitaa sita kutoka kwake. Kituoni walikuwa mwenzi na mwenzi mezani pa dhumna, na walikuwa wakiwafunga watu tangu kituo kifunguliwe.

Evelio alijiona mwangalifu. Katika shairi Zoraida alimwita Amparo, na jina la mji akalifuta. Lakini aliacha ukuta wa njano, akaacha kinyozi mwenye kiti cha chuma kilichonunuliwa kwa Mchina, akaacha na kanisa lililokosa kengele. Wakuba wawili wa Hialeah wakikutana kwenye foleni ya duka la dawa, kabla dawa haijafungwa kila mmoja ameshajua mwenzake ni wa mji gani, mtaa gani, na binamu yake aliolewa na nani. Evelio alikuwa ameishi kati ya watu hao tangu ana miaka tisa, na bado aliamini kwamba ukibadilisha jina umefunga mlango.

Alilitafsiri mwenyewe kwa Kihispania, na kulitafsiri alilitafsiri vizuri, hilo apewe. Alilisoma taratibu. Alipofika kwa kinyozi, kijiko cha mtu kiligonga sahani na hakikugonga tena. Alipomaliza, Dokta Pruitt alikuwa akijifuta macho, akaanza kupiga makofi peke yake, akaendelea peke yake.

"Kiti cha Mchina," alisema Fermín kwa sauti. "Mimi nilinyolewa kwenye kiti hicho. Huyo si Rolando, marehemu mume wa Zoraida?"

Watu sitini wakamgeukia Zoraida. Kisha, kwa sababu hesabu ilikuwa fupi na wote walijua nyumba ya Rolando ilitazamana na ya nani, wakamgeukia Eneida.

Zoraida alikusanya miwani yake, leso yake na kipande cha keki alichokuwa amefunga kwenye karatasi, akaenda kusubiri basi la kituo saa moja kabla halijafika. Eneida alibaki akitazama wali wake. Alikuwa na miaka themanini na nne, na hakuna aliyewahi kumwona akiacha wali.

*

Ndani ya gari Evelio alimngojea mama yake aseme. Walipita kiwanda cha mikate, wakapita fundi wa magari, na mama alikuwa akitazama barabara. Walipofika nyumbani alimsaidia kushuka, akaanza kumweleza kwamba shairi halikuwa la kumhukumu mtu, lilikuwa la kuonyesha jinsi nyakati zilivyowabana watu.

"Umenivua nguo mbele za watu," alisema Eneida, "halafu ukasimama kusubiri makofi."

Akaingia chumbani kwake.

Jumatatu Eneida alikwenda kituoni, kwa sababu hakuwa mwoga. Kwenye meza yake kulikuwa na wachezaji watatu na kiti kimoja, na juu ya kiti kuna mkoba. Aliuliza kama pana mtu. Fermín aliyatazama mawe yake ya dhumna kama mtu aliyepewa barua ya benki, akasema pana mtu anakuja. Eneida alisimama pale, mikono juu ya gongo, akitazama mchezo mpaka ukaisha. Hakuja mtu. Zoraida, aliyekaa mbele ya mkoba ule, hakuinua macho. Wakati wa chakula Eneida aliwekwa na wageni kutoka Nikaragua, watu wema, waliomuuliza ametoka mji gani.

Jumanne basi lilipopiga honi mlangoni hakutoka. Jumatano pia. Alikaa jikoni amevaa nguo za kutokea, nywele zimechanwa, na honi ilipokoma akaenda kubadilisha. Jioni alimwita Odalys, hakumwita Evelio, akamwomba amtafutie tiketi ya basi kwenda Tampa kwa mpwa wake. Jumamosi ya wiki ijayo ingefaa.

Odalys alimkumbusha kwamba mpwa huyo huwa kazini mchana kutwa, na kwamba kule hamjui mtu.

"Ndiyo maana nakutaka huko," alijibu Eneida. "Nataka mahali ambapo hakuna aliyenyolewa na Rolando."

Usiku huo Odalys hakumfokea mumewe, jambo lililomtisha zaidi. Alimwambia tu kwamba mama wa miaka themanini na nne akihamishwa mji hahami, anazikwa kwa awamu. Alimwambia pia kwamba aliye na miguu ya kwenda kwa Zoraida ni yeye, na maduka ya vikeki hufunguliwa asubuhi.

Chuoni, kwa upande mwingine, mambo yalikuwa matamu. Dokta Pruitt alimwita ofisini akafunga mlango, akamwambia hajawahi kuona usomaji wa kijasiri kama ule. Mwana kusimama mbele ya mama yake na mbele ya historia! Ameshaandika kurasa mbili kwa ajili ya faili, na neno alilolichagua ni ushuhuda. Kamati inakaa Ijumaa ya wiki ijayo. Angependa sana Evelio asimame tena kituoni kabla ya hapo, naye Pruitt aje arekodi.

Evelio alishukuru. Alipotoka aligundua kwamba amemwambia Alhamisi inafaa. Hakuwa amepanga chochote Alhamisi.

*

Alinunua vikeki vya mapera dazeni moja, vya moto, na akabisha kwa Zoraida saa nne asubuhi. Mlango ulifunguka kwa upana wa mnyororo.

"Profesa," alisema Zoraida. "Leo huna kipaza sauti?"

Lakini alimfungulia. Evelio alikaa kwenye sofa lililofunikwa nailoni, boksi la vikeki juu ya magoti, likimchoma. Zoraida alikaa kwenye kiti cha mbele akafumbata mikono. Jikoni birika la kahawa lilikuwa juu ya jiko, na jiko lilikuwa limezimwa. Evelio alikuwa akiingia nyumba ile tangu ana ndevu za kwanza. Alikuja na habari njema, alikuja kwenye msiba wa Rolando, alikuja kuazima ngazi, na hajawahi kumaliza dakika mbili bila kikombe mkononi. Hata watu wa kukata umeme walipewa kahawa kwa Zoraida. Alisikiliza kama birika litachemka. Halikuchemka.

Akaanza. Alisema anasikitika kama kuna mtu ameumia. Alisema mama haendi tena kituoni, hali chakula vizuri, na Jumamosi anahamia Tampa. Alisema kosa ni lake, na mama hakujua habari za shairi. Kisha akasema, kwa upole wa mwalimu, kwamba pengine ilikuwa mshtuko kwa Bi Zoraida kujua jambo hilo baada ya miaka yote.

"Kujua?" Zoraida alimtazama kwa mara ya kwanza. "Mwanangu, mimi nilikuwa ndani. Nyuma ya ubao wa dirisha. Nilimwona kila mmoja aliyekuja na alichokuwa ameshika. Mama yako alirusha matatu, yote kwenye ukuta, mbali na mlango. Alikuwa analenga ukuta kama mtu anayepaka rangi. Na yule mwenye orodha akamwambia, Eneida, hilo moja unamwekea nani? Basi akakupa wewe ulirushe."

Evelio alihamisha boksi kutoka goti moja hadi jingine.

"Lako halikwenda ukutani. Lilipita dirishani, likampata Rolando hapa." Aligusa paji la uso. "Akavua miwani akaifuta kwa shati. Akasema, huyu mtoto ana mkono, angecheza besiboli." "Kwenye shairi lako kuna mtoto anatazama tu dirishani. Nani huyo?"

Mtoto yule, kusema kweli, alirusha yai katika rasimu ya kwanza. Katika ya pili alilishika tu. Kufikia ya saba alikuwa amepelekwa dirishani, na hapo ndipo wahakiki walipolisifu shairi kwa uaminifu wake.

Zoraida hakulingojea jibu. Alimsimulia, bila haraka, kama anayesoma orodha ya vitu vya dukani, jinsi mwaka uliofuata Eneida alivyoingia kwenye kiwanda cha kushona cha Hialeah na kupewa cherehani kando ya ile ya Zoraida. Siku nzima hawakusemezana. Siku ya pili Eneida alimpa nusu ya chakula chake, naye akala, kwa sababu alikuwa na njaa. Hawakuligusa jambo lile siku ile, wala siku yoyote.

"Nilimsamehe kidogo kidogo," alisema. "Siku nyingine nilimsamehe, siku nyingine nilimnyima. Akicheza vibaya nilimnyima. Ilikuwa kazi yangu mwenyewe, sikuwa na mtu wa kunisimamia. Sasa watu sitini wananitazama. Nikikaa naye watasema Zoraida hana haya, amesahau hata mume wake. Nisipokaa naye, nacheza na yule mjane aliyetoka Camagüey, asiyejua kuhesabu. Umenifanyia nini, Evelio?"

Evelio aliuliza afanye nini.

Zoraida alikuwa ameshalifikiria. Aje kituoni mbele ya watu walewale, kwa kipaza sauti kilekile, aseme alitunga. Hapakuwa na mayai. Kiti cha kinyozi alikisikia kwa watu akakitia kwa ajili ya kupamba. Mshairi anajulikana kuwa mwongo, hakuna atakayeshangaa, na Eneida atarudi mezani.

Evelio alieleza habari za kamati. Alieleza kwamba kwenye faili wameandika ushuhuda, na kwamba mtu akisema hadharani ushuhuda wake ni wa kubuni, miaka yake yote imekwenda na maji. Alisema anaweza kuomba radhi, anaweza hata kulitoa shairi kwenye kitabu kikichapwa tena. Lakini kusema ni uongo hawezi.

"Na isitoshe, Bi Zoraida," alimaliza, "ni kweli."

Zoraida aliinuka akaenda kufungua mlango. Vikeki alivipokea. Alisema si kosa la vikeki.

*

Alhamisi Eneida alikwenda kituoni kwa sababu Odalys aliomba ruhusa kazini, akamvalisha, akamwambia ni kwenda kuaga tu. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, koti mwilini, ingawa nje joto lilikuwa linayeyusha lami. Zoraida alikuwa mezani kwake mwisho wa ukumbi. Kati yao palikuwa na meza kumi na moja, na watu wa meza zote kumi na moja walijifanya wanakula.

Dokta Pruitt alikaa mbele, simu imesimamishwa kwenye chupa ya maji, inarekodi.

Evelio alisimama. Usiku kucha alikuwa ameamua, akaamua tena, na asubuhi alipomwona mama yake akihangaika na vifungo vya koti lile aliamua kwa mara ya mwisho. Alikishika kipaza sauti akasema kwamba wiki mbili zilizopita alisoma shairi, na kwamba angependa watu wajue alilitunga. Mambo yale hayakutokea kwa mtu yeyote aliyemo humu ndani.

Pumzi zilishuka. Mtu alicheka kidogo. Kwenye meza ya mwisho Zoraida alianza kuchanganya mawe.

"Na kiti cha chuma?" aliuliza Fermín. "Kiti ulikitunga? Mimi nimekikalia, bwana. Kilikuwa kinabana nyama hapa."

Watu walicheka, na Evelio angecheka nao na kukaa chini, na hadithi ingeishia hapo. Lakini aliitazama ile simu kwenye chupa. Ilikuwa na taa ndogo nyekundu. Aliona Dokta Pruitt amekunja uso, akijaribu kufuatilia kwa Kihispania chake cha darasani, na amelisikia neno kutunga. Ulimi wa miaka ishirini ya kufundisha ukamtoka wenyewe. Alisema kutunga si sawa na kudanganya. Alisema kuna ukweli wa matukio na kuna ukweli wa moyo.

"Basi yalirushwa au hayakurushwa?" alisema Fermín. "Mimi sikuja na kamusi."

"Swali zuri," alisema Evelio, kama anavyowaambia wanafunzi asipokuwa na jibu. Jasho lilimtoka. Akaona njia moja ya kumwokoa mama na kuliokoa shairi kwa pamoja, na kwake ilionekana njia ya kiume. "Nitawaambia kweli yenyewe, na ni mbaya kuliko ile niliyoandika. Mimi ndiye niliye..."

"Evelio," alisema Odalys kutoka nyuma.

"Niache niseme. Nimelibeba miaka arobaini na minne."

Eneida alikuwa ameshasimama, anakitafuta kitasa cha mlango. Mtu wa meza ya tatu alimwambia wa meza ya nne kwamba kumbe ni kweli, yalirushwa. Neno likapita meza kwa meza. Fermín aliligonga gongo lake chini akasema yeye alijua tangu mwanzo, uso wa mtu hausemi uongo, tazameni, anakimbia.

Zoraida aliacha mawe. Alivuka ukumbi wote kwa miguu yake mibovu, meza baada ya meza, bila kuomba kupishwa, na watu walivuta viti. Alipofika mlangoni aliutoa mkono wa Eneida kwenye kitasa, akamvua koti, bega moja kisha jingine, akalikunja na kumtupia Odalys. Akamshika mkono, wakarudi pamoja polepole njia ileile, na alipomfikia Evelio alisimama, akanyoosha kiganja. Evelio alimpa kipaza sauti.

Evelio alimwambia kwa sauti ya chini kwamba anataka tu kusema ukweli, kwamba yeye Bi Zoraida kuliko mtu yeyote anajua ni ukweli, na kwamba ukweli hauna mwenyewe.

"Una mwenyewe," alisema Zoraida, na kipaza sauti kikalipeleka mpaka jikoni. "Nyumba ilikuwa yangu, na ukuta niliusugua mimi, siku mbili, kwa ndoo na brashi, na harufu ikakaa mwezi mzima. Nikisema hayakurushwa, hayakurushwa."